Shamba Lisilo na Dhambi

Nchi yetu haina jina. Lilikuwepo, tena zuri la kuimbika, lakini lilipelekwa makao makuu kuhakikiwa na mpaka leo halijarudi. Mgeni akituuliza hapa ni wapi tunamwambia hapa hapa, naye anaridhika. Msituonee huruma. Nchi za namna hii ziko nyingi, na nyingine zina majina kabisa.

Mkubwa wetu yeye ana majina ya kutosha nchi nzima. Ukianza kuyataja yote ugali unapoa, kwa hiyo sisi huku milimani tunamwita Baba wa Rutuba, tunaishia hapo. Ni mtu mwema. Hilo nalisema kila asubuhi, hata nikiwa peke yangu chooni, maana huwezi kujua.

Basi Baba wa Rutuba alisafiri ng'ambo, akaalikwa chakula, akawekewa karoti. Karoti tupu, ndugu zangu, haina nyama wala mchuzi. Akaambiwa karoti hiyo bei yake inamshinda mbuzi, kwa sababu aliyeilima hakuitia sumu. Baba wa Rutuba akatafuna, akafikiri, akatafuna tena. Waliokuwepo wanasema kufikiri kwake kulisikika mpaka meza ya pili. Aliporudi hakungoja hata kushuka ngazi za ndege. Akasimama pale pale juu akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo nchi yake ni nchi ya kilimo hai, sumu mwiko, na kila mkulima atakayethibitishwa kuwa msafi atapewa cheti, na mwenye cheti atapewa malipo ya kumtia moyo.

Sisi huku Kitopeni tuliposikia redioni tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kumbe siku zote tulikuwa watu wa maana na hakuna aliyetuambia. Sumu hatujawahi kutia, baba zetu hawakutia, babu zetu hawakutia. Siyo kwa akili, nisiwadanganye. Sumu ilikuwa ghali.

Halafu ikapigwa muziki, na baada ya muziki akaja mtu mwingine mwenye sauti ya chini, anasoma haraka haraka kama anakimbizwa. Huyo ndiye aliyesema kwamba asiye na cheti mpaka mvua za kwanza, mazao yake hayatavuka kizuizi cha barabarani, na shamba lake litaitwa shamba lenye mashaka, nalo litawekwa mikononi mwa kampuni ya Mkono Mwema ili litunzwe. Mwenye kampuni ya Mkono Mwema ni shemeji yake Baba wa Rutuba. Hilo lisiwasumbue. Kila mtu ni shemeji wa mtu, hata mimi.

Mimi ni shemeji wa Kuziwa. Huyo ni mjane wa kaka yangu Mbelwa, na Mbelwa mwenyewe tumemlaza mle mle shambani kwake, kati ya iliki na magimbi, tukampandia isale kichwani na miguuni kama ilivyo desturi yetu. Kuziwa analima kulizunguka lile kaburi kama mtu anayefagia kuzunguka kitanda cha aliyelala. Samadi ya mbuzi anaibeba kichwani. Majani yakidondoka anayarudisha kwenye shina lililoyadondosha, eti yasichanganyikiwe. Wadudu wakija kwenye maharage anawamwagia jivu la jikoni na maneno mawili matatu ambayo siwezi kuyarudia hapa. Hana mtoto aliye hai. Ana shamba hilo na mimi, na mimi, kwa umri huu, sina kazi kubwa zaidi ya kumaliza chai.

Kwa hiyo mtu wa kwanza Kitopeni kuomba cheti alikuwa yeye. Akasema hawezi kukubali Mbelwa aangukie mikononi mwa kampuni, kwa sababu Mbelwa alikuwa hapendi kushikwashikwa.

*

Mkaguzi aliyeletwa anaitwa Bwana Kilimba. Kijana mpole, mwembamba, viatu vimechongoka mbele kama mdomo wa korongo. Alipanda mlima wetu akiteleza kwa heshima. Kuziwa akamwekea magimbi ya kuchemsha. Kilimba akayatazama, akauliza kama magimbi yenyewe yana cheti, akaambiwa hayana, akasikitika, akayala yote kwa niaba ya serikali.

Kisha akaanza kazi. Alimkuta kuku wa Kuziwa anavuka kwenda kwa jirani, akampa onyo kwa kutembea bila kibali, maana huko aendako haijulikani anakula nini. Kuku alilipokea vizuri kuliko mimi ningelipokea. Akaona jivu kwenye maharage, akapiga mluzi. Jivu, alisema, ni dawa ambayo haijasajiliwa. Akamsamehe Kuziwa kwa sababu ya magimbi. Halafu akafika kwenye swali kubwa.

"Mama, sumu uliacha lini?"

"Sumu gani, mwanangu?"

"Yoyote. Siku uliyoacha."

Kuziwa akamwambia hajawahi kuanza. Kilimba akafuta jasho, akamweleza polepole kama anayemlisha mgonjwa uji. Kila aliye msafi ana siku aliyoacha uchafu, na bila siku hiyo hakuna pa kuanzia kuhesabu usafi wake. Kuna mlevi aliyeacha pombe, huyo watu wanampongeza, wanamchinjia. Asiyewahi kunywa nani anamchinjia?

"Sasa yule ambaye hakuanza?" Kuziwa akauliza.

"Huyo hajaacha, mama."

Nikamwona Kuziwa anatazama isale za kaburini, halafu mimi, halafu wingu. Wingu lilikuwa bado dogo.

*

Tulisafiri mpaka makao makuu kukata rufaa. Wizara ya Udongo Safi ni jengo la kung'aa, sakafu yote vigae, na mlangoni kuna askari wawili wanaohakikisha udongo hauingii. Walitutazama miguu, wakatazamana wao, wakatuvua viatu, wakatuosha hadi magotini. Nilikuwa sijaoshwa miguu na mtu tangu mama yangu afariki. Nikawashukuru, nao wakasema siyo mapenzi, ni kanuni.

Mkurugenzi anaitwa Profesa Mshangama. Ofisini kwake kuna udongo mmoja tu, umefungiwa kwenye chupa, na chupa imewekewa taa. Alituamkia shikamoo kwa adabu nzuri, akatusikiliza huku amefumba macho. Alipoyafumbua alisema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo.

"Usafi si hali, wazee wangu. Usafi ni safari. Ninyi mnadai mmefika, lakini hamjatoka popote."

Akatuonyesha ukutani picha ya shamba la Mkono Mwema. Shamba lile, alisema, lilikuwa limepigwa dawa miaka mingi mpaka kunguru wakawa wanalikwepa kwa kuzunguka. Basi Jumanne moja, mbele ya kamera, waliacha. Wakapewa cheti hapo hapo, na malipo ya kutiwa moyo mazito kuliko ya mtu yeyote, maana aliyetoka mbali zaidi ndiye aliyechoka zaidi. Mimi kwa ujinga wangu nikasema tumesikia Alhamisi walianza tena. Profesa hakukasirika. Akasema kuanza tena ni maandalizi ya kuacha tena, na mwenye kuacha mara mbili amemshinda aliyeacha mara moja.

Hapo Kuziwa akapiga magoti kwenye vigae. Mwanamke mzima, mke wa kaka yangu, mvi zimemtoka kwenye kilemba. Akasema, "Mwanangu, mume wangu kalala mle. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Profesa Mshangama alilia. Sisemi uongo, alilia machozi, katibu wake akamletea kitambaa, naye akajifuta, akaagiza mkutano, akaagiza chai ya mkutano. Tulipokuwa tunarudishiwa viatu vyetu mlangoni, tayari rehema ilikuwa imeshapitishwa.

*

Rehema yenyewe iliitwa Mpango wa Kuanza ili Kuacha. Lori lilipanda mlima wetu, jambo ambalo lori halijafanya hata wakati wa njaa, likagawa kopo la sumu kwa kila nyumba, bure. Kwenye kopo kulikuwa na picha ya Baba wa Rutuba anatabasamu, na chini yake fuvu la kichwa, nalo linatabasamu. Kilimba akatufundisha jinsi ya kuchanganya na maji, akatukopesha bomba la kupulizia, lile la kubeba mgongoni, moja kwa kijiji kizima. Akasema mwenye haraka ya kuacha aanze mapema.

Watu waliyaogopa yale makopo. Wengine waliyaweka nyuma ya nyumba wakayafunika na sufuria mbovu. Shelukindo, huyu mpiga baragumu wetu, mtu wa utani na mimi ukoo kwa ukoo, yeye alilifunga lake juu ya mti, akasema anataka kwanza lizoee hali ya hewa.

Kuziwa hakuwa na nafasi ya kungoja. Wingu lilikuwa limeshaanza kukaa mlimani asubuhi. Akaniita akaniambia amepata njia. Kule chini kabisa, mpakani, pana kona ambayo haina kitu ila mawe na magugu. Atapulizia pale tu, kiasi cha kulaza mkeka, Kilimba apate siku ya kuandika. "Nitakosa kidogo, shemeji," akasema, "halafu nitubu sana."

Mimi nikaona ni akili. Bado naona ilikuwa akili. Kilichoharibu ni malezi yetu mazuri.

Nieleze. Huku kwetu mjane hafanyi kazi ya mgongoni peke yake watu wakitazama. Ni aibu ya kijiji kizima, aibu inayomfuata mtu mpaka kaburini. Ukimwona, unachukua zana unakwenda, ndiyo msaragambo, na huulizi ni kazi gani, kwa sababu kuuliza ni kama kusema hutaki. Unashika ngwe yako, yaani kipande chako cha shamba, unakimaliza, na ni mwiko kukifanya chembamba kuliko cha mwenzio. Na mwenye kazi naye ana adabu yake. Lazima aseme, "Acheni jamani, imetosha, mtachoka." Asiposema hivyo, hakulelewa. Wafanyakazi wakiacha kweli, wao ndio hawakulelewa.

Asubuhi ile Shelukindo alimwona Kuziwa anateremka ameinama, bomba mgongoni linamchuruzikia kisogoni. Roho ikamuuma. Akapiga baragumu.

Walikuja wote. Walikuja na majembe, wakaona kumbe kazi ni ya dawa, wakarudi majumbani mbio kuchukua makopo yao. Bomba lilikuwa moja, kwa hiyo wengine walichanganya ndooni wakanyunyiza kwa mifagio, kwa vibuyu, kwa matawi ya mipera. Hakuna aliyeuliza. Shelukindo alipanda mtini akalishusha la kwake. Kwenye ile furaha nadhani kulikuwa na hesabu nyingine pia: mtu akilimalizia kopo lake kwa Kuziwa, kwake halitaingia.

Kuziwa akatoka kule chini anakimbia, mikono juu. "Acheni, jamani. Acheni, imetosha."

Wakamcheka kwa mapenzi, wakaongeza kasi. Mwanamke aliyelelewa, wakasema, sikia anavyotuombea tupumzike. Akalia. Wakasema machozi ya shukrani hayo, wakaanzisha wimbo wa kulimia, ule mrefu. Akamshika mama mmoja mfagio, yule mama akamwambia usijisumbue mwenzangu, kakae, leo ni zamu yako kukaa.

Mimi nilijitupa katikati ya iliki nikasema wasipige, huu ni wazimu, wanaua. Shelukindo akanipita na kibuyu chake. "Nenda kakae kivulini, mzee mvivu," akaniambia. "Ngwe yako nitakumalizia mimi." Watu wakacheka, nao walikuwa na haki, uvivu wangu unajulikana mpaka bondeni. Akaimaliza ngwe yangu. Akaipiga mara mbili, ili isionekane imefanywa na mtu wa kusaidia.

Mpaka jua linakaa utosini hapakuwa na jani kavu. Kaburi la Mbelwa nalo walilinyunyizia, taratibu, kwa heshima, wakiwa wamevua kofia. Kisha wakanawa mikono wakakaa kungoja chakula, maana ndiyo desturi, na Kuziwa akawapikia, maana ndiyo desturi. Chumvi hakuipima. Wakala wote wakamaliza.

*

Maharage yalijikunja kama vidole vya mtu anayesikia baridi. Maua ya iliki yakadondoka yakiwa hayajafunguka. Nyuki wa Kuziwa walitoka mzingani wakaanguka hapo hapo chini ya mzinga, rundo moja, kama waliopigwa na usingizi wakiwa njiani. Yule kuku mwenye onyo sitamzungumzia.

Shelukindo alikuja akasimama mpakani, utani umemwisha. Akaniuliza mbona hatukumwambia. Nikamwambia tulimwambia. Akasema ndiyo, lakini tulimwambia kama wenye kazi wanavyosema. Akaenda kuliweka lile baragumu mahali ambapo hajatuonyesha.

Aliyefurahi alikuwa Bwana Kilimba. Alipofika akavuta hewa, akakohoa, akatabasamu. Sasa palikuwa na siku ya kuandika. Sasa Kuziwa alikuwa ametoka mahali. Cheti kikaja upesi, kina fremu ya dhahabu, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekaribia waliamua makabidhiano yafanyike shambani penyewe, na Profesa Mshangama aje kukikabidhi kwa mkono wake.

Wakajenga jukwaa juu ya magimbi yaliyokauka. Profesa akahutubia. Akasema taifa linamtazama mama huyu. Akasema yeye binafsi amejifunza kwake kwamba hakuna aliye msafi mno asiyeweza kusaidiwa. Malipo ya kutiwa moyo yakaletwa, hundi kubwa ya ubao ndefu kama mlango, Kuziwa akashikishwa upande mmoja na Profesa upande mwingine, wakapigwa picha. Baada ya picha ubao ukarudishwa kwenye gari, kwa sababu ulikuwa unahitajika kijiji kinachofuata. Pesa zenyewe, alieleza Kilimba, zimeshatumika kuhakiki kama Kuziwa anastahili kulipwa, na habari njema ni kwamba anastahili.

Mwisho Profesa akamwekea Kuziwa kipaza sauti mdomoni.

"Tuambie kwa kinywa chako, mama. Umeacha?"

"Nimeacha."

"Umeacha nini? Sema wakusikie."

Kuziwa akatazama shamba. "Nimeacha kulima," akasema.

Kilimba akaangalia viatu vyake. Mimi nikasema moyoni, basi, ameharibu, Mkono Mwema wanakuja. Lakini Profesa alikuwa amefumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa yanameta. Akasema huko ndiko alikokuwa anakuona kwa mbali miaka yote bila kuweza kukutaja. Shamba lisilolimwa halina sumu, halina jivu, halina kuku. Mama huyu amefika. Watu walipiga makofi. Kabla ya wiki kwisha ikawa sheria.

*

Kwa hiyo shamba ni la Kuziwa. Mkono Mwema hawawezi kuligusa, cheti kimepigiliwa kwenye mti pale, fremu yake inang'aa. Masharti ni hayo tu, kwamba kisiote kitu. Chochote kitakachochomoza ni ushahidi kwamba ameanza tena, na kampuni itaingia siku hiyo hiyo na kumchukua Mbelwa pamoja na mipaka yake. Bwana Kilimba anapita kukagua. Ni mpole vile vile. Akiona jani analing'oa mwenyewe kimya kimya, analitia mfukoni, ili asilazimike kuliona.

Mvua imenyesha vizuri mwaka huu. Mimi na Kuziwa tunaingia shambani inapopiga kwa nguvu, Kilimba akiwa amejibanza kwenye baraza za watu, maana viatu vyake haviwezi tope. Jembe lina sauti, kwa hiyo tunachimba kwa vidole. Kuziwa anatangulia kwa magoti, anazika punje ya maharage, anarudishia udongo, anapigapiga juu kama anayembembeleza mtoto. Mimi nafuata nyuma nafunika na majani makavu, ili ikichomoza isionekane. Hatuombi iote sana. Iote kidogo tu, kwa adabu.

Jana nilibaki nyuma nikafukua pale tulipoanzia. Nikaikuta punje ilivyokuwa. Imelowa, lakini haikuvimba, haikuoza, hata rangi haikubadilika. Nikaendelea kufukua kwa kidole nikitafuta nyungunyungu, hata mmoja, hata mfu, wale ambao zamani ukigusa tu udongo wa Kuziwa walikuwa wanakutoka kati ya vidole. Nilifika mpaka kwenye kiwiko.

Kuziwa akaniuliza bila kugeuka, "Vipi huko, shemeji?"

"Inakuja," nikamwambia.

Akasogeza magoti mbele, akachimba shimo jingine.